Shimo likiwekwa kwenye ramani, liwe na mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalorudi midomoni mwa wakazi wa Dodoma kila mvua zinapoanza: wananchi watumie ramani za mtandaoni kuripoti barabara zilizoharibika. Wazo hilo tunaliunga mkono kwa moyo wote. Ila kila linapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye programu ipi itengenezwe na kwa shilingi ngapi, na hapo ndipo tunapoingiwa na hofu. Programu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu nzito ni kujua shimo fulani ni la nani, na nani mwenye wajibu wa kumjibu aliyeliripoti.

Programu zenyewe zipo siku nyingi, tena za bure. Nchini Uingereza FixMyStreet ilianza mwaka 2007. Mwaka 2008 wenzetu wa Kenya walianzisha Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za watu na kuzionyesha kwenye ramani, wakaupa jina la Kiswahili, nao ukaenda kutumika mabara mengine. ODK, ya kujazia fomu kwenye simu hata pasipo mtandao, nayo ni huria. Chini ya zote hizo unaweza kutandika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza mwaka 2004, ambayo Dar es Salaam vijana wa vyuo na wakazi waliichora kupitia mradi wa Ramani Huria, mtaa kwa mtaa na mtaro kwa mtaro, kwa ajili ya mafuriko. Atakayekuja na hoja kwamba yanahitajika mabilioni ili tupate ramani yenye nukta za mashimo, aulizwe maswali.

Kinachoiwezesha FixMyStreet kufanya kazi hakionekani kwenye skrini. Mtu akiweka nukta, mfumo hutazama imeangukia eneo la halmashauri ipi na tatizo ni la aina gani, kisha huipeleka taarifa moja kwa moja kwenye idara husika. Taarifa hubaki wazi kwa kila mtu kuisoma. Baada ya wiki nne aliyeripoti huulizwa: limetengenezwa? Nyuma ya hayo yote kuna jedwali linalosema tatizo hili, mahali hapa, ni la ofisi ile. Ukiliondoa jedwali hilo, kinachobaki ni ukuta wa kubandikia malalamiko.

Sasa tuje Dodoma. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya, zikiwemo za mitaani na vijijini, zipo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na unaohudumia zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima. Mkazi wa Kizota anatoka kwake kwenye barabara ya TARURA, na baada ya dakika chache yupo kwenye barabara ya Singida ambayo ni ya TANROADS. Kwake yeye ni safari moja, na si haki kumtaka ajue mpaka upo wapi. Mfumo ndio uujue.

Ndiyo maana tunasema kazi ya kwanza, kabla hata nembo ya programu haijachorwa, ni tabaka la umiliki. Kila mstari wa barabara kwenye ramani ubebe jina la barabara, namba yake katika orodha ya wakala, jina la wakala, ofisi inayoihudumia, na kama barabara ni mpya, tarehe ya mwisho ya kipindi cha matazamio. Mawakala wote wawili wana orodha za barabara zao. Kinachotakiwa ni kuzikutanisha orodha hizo kwenye ramani moja, kisha watu wakae mezani kuamua zile zilizotajwa kote kuwili na zile ambazo hazikutajwa popote. Hizi za mwisho zitakuwepo tu, hasa kwenye viwanja vipya vya pembezoni mwa jiji ambako greda limepita na watu wamehamia kabla barabara haijaandikishwa.

Kuhusu kipindi cha matazamio tuseme zaidi, maana hapo fedha ya umma huponyoka kimyakimya. Barabara ikikabidhiwa, mkandarasi hubaki na wajibu kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, mara nyingi miezi 12, wa kurekebisha kwa gharama zake kasoro zinazotokana na kazi yake. Lami ikianza kumenyeka mwezi wa tisa tangu makabidhiano lakini taarifa ikafika baada ya mwaka na miezi miwili, mlipaji anakuwa mwananchi. Picha yenye nukta na tarehe, iliyoingia kwenye mfumo wakati barabara bado ipo kwenye matazamio, ni kielelezo ambacho mhandisi anaweza kukiweka mbele ya mkandarasi bila kupandisha sauti. Kwa hiyo tarehe ya kupokea taarifa iwekwe na mfumo wenyewe, asiwepo mtu wa kuihariri, wala isitegemee saa ya simu ya aliyetuma. Na barabara zote zilizo kwenye matazamio zipewe rangi ya peke yake kwenye ramani ya wahandisi, ili nukta yoyote inayoangukia juu yake ianze kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Kuna mhusika mwingine anayesahauliwa, naye ni bomba la maji. Shimo linalolowa mwezi wa Agosti, wakati anga ya Dodoma haina hata wingu, halikuletwa na mvua. Chini yake kuna bomba linalovuja, na taarifa yake iende DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwanza. Ukiziba lami juu ya bomba linalovuja, kiraka kitazama tena baada ya muda mfupi, kwa sababu maji huigeuza changarawe ya chini kuwa uji, na kila gurudumu linalopita huusukuma uji huo nje kupitia kwenye nyufa, mpaka chini panabaki patupu. Swali moja kwenye fomu linatosha kulitenga shimo la namna hii: je, kuna maji hapo wakati hakujanyesha? Vilevile iwepo sehemu ya kuripoti barabara iliyokatwa ili kupitisha bomba au waya kisha ikafukiwa kwa udongo mtupu. Hiyo haingojei bajeti ya matengenezo. Aliyekata ndiye airudishe barabara katika hali yake.

Linalofuata ni usahihi wa nukta. Simu janja ya kawaida, mahali pa wazi, hukosea kwa mita tano hivi. Ukiwa kati ya majengo marefu au chini ya bati, kosa huongezeka. Barabara nyingi za mitaani zenyewe zina upana wa mita tano au sita, kwa hiyo nukta inaweza kuangukia uani kwa mtu, na kwenye makutano inaweza kurukia barabara isiyo yake. Mfumo uivute nukta hadi kwenye barabara iliyo karibu ndani ya mita 20. Ikiwa ndani ya umbali huo kuna barabara mbili, usibahatishe. Umwulize mtu hapohapo: shimo lipo kwenye barabara ya Singida au mtaani? Jibu lake ndilo litakalozuia taarifa kuzungushwa kati ya ofisi mbili mpaka mvua zinakatika.

Pale koordineti zinapoandikwa kwa mkono, makosa ni yaleyale siku zote. Dodoma mjini ipo takribani latitudo -6.17 na longitudo 35.74. Ukisahau alama ya kutoa, shimo lako linahamia kusini magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba hizo mbili, linatumbukia baharini, magharibi ya Tangier, Moroko. Desimali nazo zina maana yake: desimali tatu zinakuacha kwenye eneo la mita 111 hivi, nne mita 11, tano mita moja na ushee. Tano zinatosha; saba au nane ni mapambo, maana simu haina uhakika wa kiasi hicho. Nukta iliyo nje ya mipaka ya mkoa ikataliwe papo hapo, aliyeripoti akiwa bado amesimama kwenye shimo, maana akishaondoka hakuna wa kumwuliza.

Mwananchi anayetaka taarifa yake ifanyiwe kazi hana mengi ya kufanya. Washa Mahali kwenye simu. Simama pembeni ya barabara, pasiwe na mti wala bati juu yako, usubiri nusu dakika hivi mpaka duara la bluu kwenye ramani lisinyae. Piga picha mbili. Ya kwanza ipigwe kutoka hatua kumi, ionyeshe kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kibao cha mtaa, kona ya duka. Ya pili iwe ya karibu na iwe na kipimo ndani yake. Karatasi ya A4 inafaa, kwa kuwa vipimo vyake havibadiliki, milimita 297 kwa 210. Chupa ya maji ya nusu lita nayo inafaa: ilaze ndani ya shimo, na ikiwa imezama yote chini ya usawa wa lami, kina chake kimepita sentimita sita. Katika vipimo vinavyotumiwa na wahandisi, shimo la chini ya milimita 25 huhesabiwa dogo, la milimita 25 hadi 50 la kati, na linalopita 50 kubwa. Chupa iliyozama imekwisha kukupa jibu. Usisimame katikati ya barabara kwa ajili ya picha, na usiingie kwenye maji kupima drifti, yaani kivuko ambacho maji hupita juu ya barabara, hata kama unaifahamu tangu utoto. Maji ya korongo huchimba chini pasipo kuonekana.

Picha isipitie WhatsApp kabla ya kufika kwenye mfumo. WhatsApp huipunguza picha na kuziondoa taarifa za mahali zilizojificha ndani yake, ndiyo maana picha nzuri kabisa inayosambazwa kwenye kundi la mtaa humfikia mhandisi ikiwa haina kwao. Kama hakuna njia nyingine, tuma picha kama hati, si kama picha ya kawaida, kisha tuma na mahali ulipo kwa kitufe chake ukiwa bado hapo.

Kwa nini kusumbua watu kwa vipimo? Kwa sababu ya lori la asubuhi. Shimo la sentimita 60 kwa 60 lenye kina cha sentimita 8 humeza kilo 68 hivi za lami iliyochanganywa na kokoto ikishindiliwa. Mashimo 40 ya namna hiyo ni tani 2.7. Lakini kiraka cha kudumu hukatwa pembe nne hadi kwenye lami nzima. Ukikata sentimita 10 kila upande, 60 inakuwa 80, na zile kilo 68 zinakuwa 120. Msimamizi mwenye namba hizi anajua apakie nini. Asiye nazo anakisia. Akizidisha, lami ya moto inapoa kwenye lori na kumwagwa. Akipunguza, mashimo ya mwisho yanajazwa kifusi kwa muda, na mvua ya kwanza inakizoa. Viraka vingi vinavyolalamikiwa kuwa vimefumuka vilianza kuharibika asubuhi hiyo, kwenye kukisia, kabla hata koleo halijashikwa.

Kwa barabara za vumbi, ambazo ndizo nyingi, nukta moja haitoshi. Hapo panatakiwa mstari: nukta ya kuanzia na nukta ya kuishia. Mita 100 za barabara yenye upana wa mita 5, zikiwekewa changarawe ya unene wa sentimita 15, zinahitaji meta za ujazo 75 zilizoshindiliwa. Changarawe ikiwa bado haijashindiliwa huwa nyingi zaidi, kati ya meta za ujazo 90 na 100, yaani safari tisa au kumi za lori la meta 10. Mtu akiandika tu kwamba barabara ya kijijini kwake ni mbovu, mhandisi hajui aombe lori mbili au ishirini.

Na aulizwe rangi ya udongo. Swali hili linaonekana dogo, lakini kwa kanda yetu ya kati lina uzito kuliko mengi. Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa tambarare za Bahi, hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, na changarawe inayomwagwa juu yake bila maandalizi humezwa msimu mmoja. Udongo mwekundu na wa kichanga wa miteremkoni hauna tabia hiyo. Wenyewe husombwa, na mtaro usiokuwa na vizuizi vya mawe hugeuka korongo linaloila barabara kutoka pembeni. Anayeijua Kondoa anajua korongo linaweza kufika wapi. Kwenye mbuga tatizo ni tuta na tabaka la chini, kwenye mteremko tatizo ni maji na mtaro, na greda peke yake haliponyi lolote kati ya haya mawili. Kuna mahali kuparura kila mwaka kumeishusha barabara mpaka ikawa chini ya mashamba, nayo sasa ndiyo mto.

Tukifika kwenye makalavati, tunaomba kalenda ibadilishwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua zetu mvua za Msimu, na huzihesabu kuanzia Novemba hadi Aprili. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, si nyingi, lakini huja kwa kishindo, siku chache zenye mvua kubwa, kwenye ardhi iliyokauka kwa miezi mingi. Maji hayo huteremka na mchanga. Kalavati la duara la milimita 600 lililojaa mchanga nusu yake halipitishi hata nusu ya maji yake ya kawaida, na yanayobaki hupanda juu ya barabara na kuanza kuichimba upande wa pili. Kuzibua kalavati moja mwezi wa Oktoba ni kazi ya vibarua wachache wenye mabeleshi na toroli. Kuirudisha barabara iliyokatika mwezi wa Januari ni kazi ya eskaveta, malori na mkataba wa dharura. Kwa hiyo wakati wenye faida kubwa wa kuripoti ni huo ambao hakuna anayelalamika. Piga picha mdomo wa kalavati upande maji yanakoingilia, halafu upande yanakotokea; kama huko nyuma kuna shimo refu kuliko kalavati lenyewe, lisemwe, maana ukuta wa kutokea uko mbioni kuanguka.

Daraja lililozolewa au barabara iliyokatika usiku lisingojee ramani. Piga 112, mjulishe mtendaji na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, wekeni matawi na mawe pande zote mbili kuwaonya madereva, na ramani ifuate baadaye.

Sasa lile linalotugusa zaidi, Mhariri. Jiji la Boston, Marekani, liliwahi kutoa programu ya simu iliyohisi mtikisiko wa gari na kuripoti mashimo yenyewe, iitwayo Street Bump. Wazo zuri, lakini ikaonekana mapema kwamba mitaa ya wazee na ya watu wa kipato kidogo, wenye simu janja chache, ingeonekana kwenye ramani kana kwamba haina mashimo. Dodoma hatari hiyo ni kubwa zaidi. Ramani itajaa nukta za Area D, Ilazo na Kisasa, na itakuwa nyeupe Chihanga na Mbalawala, ilhali barabara za huko ndizo zinazobeba mahindi, mifugo na mama anayekimbizwa kujifungua. Yeyote atakayepanga matengenezo kwa kuhesabu nukta atawaongezea walionacho.

Dawa yake ipo. Kwanza, kata isiyoleta taarifa mwezi mzima isihesabiwe kuwa salama. Ihesabiwe kuwa haijakaguliwa, na mtendaji wa kata atakiwe kujaza fomu ya barabara zake. Fomu hiyo ihifadhike kwenye simu na kujituma mtandao ukipatikana, na picha zipunguzwe hadi kilobaiti 300 hivi kila moja, bando lisiwe kikwazo. Pili, mwenye kitochi, yaani simu isiyo janja, apewe njia. Huduma za Serikali tayari zinapatikana kwa kupiga *152*00#, na menyu ya barabara inaweza kukaa humo. Kitochi hakina GPS, lakini tunacho kitu kingine: Anwani za Makazi. Operesheni ya mwaka 2022, kabla ya Sensa, ilibandika namba kwenye nyumba na kuweka vibao vya majina ya barabara. Mtu akiandika jina la barabara na namba ya nyumba iliyo mkabala na shimo, mfumo unaweza kuipata nukta wenyewe. Majina ya maeneo peke yake hayatoshi. Ukiandika Chamwino hujaeleweka, maana Chamwino ni kata ya jijini na pia ni wilaya jirani. Na Majengo zipo karibu kila mji wa nchi hii. Palipo na kibao kilichong'olewa na kuuzwa chuma chakavu, hilo nalo liripotiwe.

Taarifa zikishaingia, anatakiwa mtu. Tunasema mtu, tukimaanisha ofisa mwenye dawati, ambaye kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kufungua ramani hiyo. Kazi yake ya pili ni kuunganisha marudio. Shimo moja kwenye njia ya daladala linaweza kuripotiwa mara 40, na likiachwa hivyo ramani inakuwa vurugu ambayo wahandisi wataacha kuitazama. Kabla taarifa mpya haijapokelewa, mtu aonyeshwe zilizopo ndani ya mita 20 na aulizwe kama ni hilohilo. Akikubali, anaongeza tu sauti yake na picha mpya, na picha hizo za tarehe tofauti zinamwonyesha mhandisi shimo linakua kwa kasi gani.

Kisha kila taarifa iwe na namba na hali inayoonekana na wote: imepokelewa, imekaguliwa, imepangwa, imetengenezwa, imehamishiwa ofisi nyingine. Na iwepo hali ya sita ambayo ofisi nyingi huiogopa: haitatengenezwa mwaka huu wa fedha, na sababu iandikwe. Wananchi huipokea kauli hiyo vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kinachowavunja moyo ni kimya. Mtu aliyeripoti mara mbili bila kujibiwa haripoti mara ya tatu, na akinyamaza yeye, mtaa wake unatoweka kwenye ramani. Hali ya kutengenezwa nayo isiwekwe kwa neno tu. Iambatane na picha iliyopigwa kutoka palepale ilipopigwa ya kwanza, na aliyeripoti apewe nafasi ya kukataa.

Kuhusu siri za watu tuseme kwa kifupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Namba ya simu ya aliyeripoti ionekane kwa ofisi tu. Picha zenye sura za watoto au namba za magari zifunikwe kabla ya kuwekwa hadharani. Tarehe, nukta na picha ya shimo hazina siri yoyote, na hizo ziachwe wazi zipakuliwe na yeyote.

Ombi dogo kwa wenzetu wenye moyo wa kuchora: tusiweke mashimo kwenye OpenStreetMap yenyewe. Ramani ile hupakuliwa kwenye simu na kukaa miezi. Shimo lililozibwa Machi litaendelea kuwatisha madereva mpaka Julai. Mle tuweke mambo yanayodumu: barabara ni ya lami, changarawe au udongo, drifti ipo wapi, kalavati lipo wapi, jina la kwenye kibao na jina wanalolitumia wenyeji, yote mawili. Kazi hiyo ina faida kubwa, kwa sababu nukta ya mwananchi haiwezi kuvutwa hadi kwenye barabara ambayo haijachorwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla, wakati mvua bado zinanyesha, na Bunge huyajadili hapahapa Dodoma kuanzia Aprili. Taarifa za Desemba na Januari zikichapwa kwa kila kata, zikiwa na mistari, vipimo na picha, diwani anakwenda kwenye kikao na karatasi inayoonyesha sehemu korofi moja baada ya nyingine na meta za ujazo zinazohitajika. Hilo linawezekana bila kusubiri mfumo mkubwa wa taifa.

Tunapendekeza kata mbili zianze: moja ya mjini yenye barabara za mawakala wote wawili, kama Kizota, na moja ya pembezoni, kama Chihanga. Tabaka la umiliki likamilike Agosti. Septemba na Oktoba wananchi waripoti makalavati na mitaro peke yake, ili dawati lijifunze kabla ya wimbi la mashimo. Ikifika Januari zihesabiwe namba tatu na zitangazwe: taarifa ngapi zilifika ofisi sahihi mara ya kwanza, ngapi zilijibiwa ndani ya siku 14, na ngapi zilitoka kwenye simu zisizo janja. Kwenye ukaguzi wa makalavati na uchoraji wa barabara zisizo na jina tupo tayari kujitolea, na tutakaa na ofisa yeyote wa wakala atakayetaka kuliona jedwali la umiliki linavyojengwa, mstari kwa mstari.

Wachora ramani wa kujitolea,
Dodoma